Nimeitwa nikafundishe masaji, mikono inajua ila maneno hayatoki. Waliowahi kufundisha njooni

mchuaji_wa_paje

Habari zenu wakuu, nilitaka nisiwe mrefu ila najijua ntakuwa mrefu tu.

Mimi ni mwanamke, nafanya masaji kwenye spa za hoteli huku pwani ya mashariki ya Unguja, mwaka wa tisa sasa. Nimekulia kwa bibi Tanga, bibi alikuwa mkandaji, mtaani mtu akijifungua anaitwa yeye, na mimi nikiwa na miaka kumi na mbili namshikia beseni la maji moto ndo nikaanzia hapo. Hotelini nikafundishwa na mama mmoja wa Kithai aliyekuja miezi mitatu, Kiswahili hajui na Kiingereza chake cha kubahatisha kama changu, alikuwa ananishika mkono anauweka mahali anausukuma, basi, ndo masomo yenyewe hayo. Cheti nilichonacho ni cha hotelini tu.

Sasa kuna mtu anafungua chuo kidogo huku mjini kaniomba nifundishe kozi ya miezi mitatu, wanafunzi 14. Jumamosi nikaenda kwa majaribio. Nikamlaza binti mmoja nikamchua mgongo dakika 40, wote wamenizunguka wanarekodi na simu, kimya, nikajua leo nimefundisha. Nikasema haya na nyie. Jamani sijawahi kuaibika vile. Mmoja anakanda kama yuko kwenye unga wa chapati, mwingine kaegemeza kiwiko juu ya uti wa mgongo kabisa, kijana mwingine anaminya nyuma ya goti kwa dole gumba mpaka mwenzie karuka. Mimi nakimbia kitanda hadi kitanda natoa mikono ya watu, "sio hivyo, hivi", "sio hapo, hapa", "sikilizia mkono". Mwisho binti mmoja mpole kaniuliza, mwalimu kila saa unatuambia tusikilizie, tusikilizie nini? Nikakosa jibu. Mpaka nafika nyumbani sina jibu.

Naombeni mnisaidie, somo la siku moja mnalipangaje, hayo mambo ya vibali na vyeti vya ualimu yakoje, na je mtu anayejua kazi anaweza kweli akawa mwalimu au ni vitu viwili tofauti nirudi zangu hotelini?

Kidume_cha_Temeke

Masaji ipi hiyo dada, hizi za taa nyekundu au? 😂 Mi najitolea kuwa mteja wa majaribio

mchuaji_wa_paje

Ndo nyie mnafanya tukiulizwa kazi tunajibu "niko kwenye utalii". Pita kaka.

Viganja_Arusha

Dada pole na hongera, maana wengi likiwakuta hilo wanasema wanafunzi ni wagumu, we umejiona mwenyewe.

Nafundisha mwaka wa 11 huu. Miaka minne ya mwanzo nilikuwa nafundisha kama wewe Jumamosi yako na nilikuwa najiona bingwa kweli, maana nikimshika mtu anasinzia darasa zima linasema waah. Kilichonibadilisha ni mwanafunzi asiyeona. Kaletwa na kaka yake, tukampokea, siku ya kwanza naanza maneno yangu "mnaona ninavyofanya, unaweka mkono hivi", yule kijana akasema mwalimu samahani, hivi ndo vipi? Kwake "hivi" haipo. Ikabidi niseme. Kiganja kizima kiguse ngozi, sio vidole tu. Anzia juu kidogo ya kiuno, pembeni ya uti wa mgongo, acha upana wa vidole viwili ndo uweke mkono, ukisikia kitu kigumu kama jiwe huo ni mfupa, toka. Mguu wa nyuma ndo unasukuma, mkono unabebwa tu. Subiri mteja avute pumzi, anapoitoa ndo unapanda mpaka begani, pumzi yake ikiisha na wewe umefika. Nilitoka jasho! Nikagundua kuna vitu nafanya miaka yote sijui nafanyaje, ikabidi usiku nijichue paja langu mwenyewe huku natangaza kama mtangazaji wa mpira, mke wangu akadhani nimechanganyikiwa. Sasa cha ajabu wale wanaoona ndo nao wakaanza kupatia. Kumbe walikuwa wanaangalia mikono yangu inavyokwenda, uzito hawauoni, mguu hawauangalii, pumzi ndo kabisa. Vile vidio vyao vya simu ni hivyo hivyo, vinabeba mwendo tu.

Na usishangae kijana yule leo ana kazi kuliko wenzie wote wa darasa lile. Japani wasioona wameifanya kazi hii mamia ya miaka, kulikuwa na kipofu mmoja Sugiyama Waichi, karne ya 17, yeye alifikia mpaka kuanzisha shule za kufundisha wasioona wenzake kuchoma sindano za tiba na kuchua.

Kwa hiyo zoezi la kwanza kabla hujarudi darasani, mfunge mtu kitambaa machoni, mdogo wako, jirani, yeyote, umfundishe kuchua kwa mdomo tu bila kumgusa. Pale unapokwama ndo somo lako lilipo, andika.

La pili, ulale kitandani wewe. Mwalimu wa masaji anayetembea tu kati ya vitanda mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani hajui kinachoendelea. Mwanafunzi anaweza kuonekana mzuri kabisa kumbe vidole vimekakamaa, kiganja cha baridi, akifika begani anakuacha ghafla kama kadondosha mzigo. Hayo huyaoni kwa macho. Mimi kila wiki kila mwanafunzi ananichua dakika tano, mgongo tu, nami namwambia hapo hapo, "ongeza, ongeza, hapo baki, umeniacha, rudi taratibu". Kwa 14 ni saa moja na kitu, jipange, na siku hiyo kula kidogo.

Sasa swali la huyo binti, tusikilizie nini. Huyo mpe zawadi, ndo mwanafunzi wako bora. Chukua unywele mmoja uweke chini ya karatasi ya daftari, afumbe macho autafute kwa ncha ya kidole. Akiupata ongeza karatasi ya pili, ya tatu. Atagundua mwenyewe kwamba akibonyeza sana haupati, akilegeza kidole unakuja. Ukishamaliza hapo ndo umpeleke kwenye bega la mwenzie umwambie tafuta kamba ngumu chini ya ngozi, ipo, ipite kwa upande kama unapita juu ya waya. Hapo "sikilizia" inakuwa na maana. Kabla ya hapo ni maneno ya mganga.

Somo la siku moja: kitu kimoja. Siku nzima mtindo mmoja, yaani wapitishe viganja tu mgongoni. Onyesha dakika tano bila kusema, rudia tano unasema kila kitu, mara ya tatu wao ndo wakuambie ufanye nini na wewe ufanye wanachosema hata kama ni ujinga, watacheka watajirekebisha. Halafu watatu watatu: mmoja anachua, mmoja kalala, mmoja anaangalia miguu na mgongo wa anayechua. Wakimaliza wa kwanza kusema ni aliyelala. Wewe wa mwisho. Hili la wewe kuwa wa mwisho lilinishinda mwaka mzima, mwalimu tunapenda kuongea.

Yale majina ya Kifaransa, efleraji, petrisaji, tapotimenti, usianze nayo. Wafundishe kupitisha kiganja, kukanda, kusugua, kupigapiga, kutetemesha, wakishaweza ndo uwape majina kwa ajili ya mtihani na wateja. Na wakikuambia yaliletwa na Ling yule Msweden wa "masaji ya Kiswidi" waambie wanaofuatilia historia wanamtaja daktari wa Kiholanzi, Johan Georg Mezger, karne ya 19, ndo aliyeyapanga. Ling yeye alikuwa mtu wa mazoezi ya viungo.

fizio_wa_Ziwa

Viganja kamaliza upande wa mikono, mi naingia kwenye kitu ambacho nakutana nacho kila wiki kwenye kliniki huku Mwanza, watu waliochuliwa wasipotakiwa kuchuliwa.

Dada darasa lako linaongea Kiswahili, sasa angalia neno MSHIPA. Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mtu akishtuka shingo anasema mshipa umekaza (huo ni msuli), kano za kisigino nazo anaita mshipa, na mzee akikuambia anaumwa mshipa anaweza kuwa anamaanisha ngiri! Vitu vitano tofauti na kila kimoja unakishughulikia tofauti. Ngiri huigusi kabisa. Mteja akisema "nichue huu mshipa" mwanafunzi wako anasikia nini? Mimi nikifundisha wasaidizi wetu wiki ya kwanza yote tunagombana na neno hilo tu, nawapa kalamu wanachorana mwilini, hapa msuli unaanza hapa unaishia, hapa panapita mshipa wa damu, hapa wa fahamu. Kalamu ya kufutika lakini, kuna mmoja alitumia maka peni isiyofutika, siku tatu baadaye akaenda kanisani na miguu kama ramani.

Yule kijana aliyeminya nyuma ya goti, usimwambie tu "sio hapo". Mwambie kwa nini. Pale nyuma ya goti mshipa wa damu na wa fahamu vimepita juu juu, hakuna nyama ya kuvikinga. Sehemu za hivyo ziko chache, pembeni ya shingo mbele, kwapani, kwenye kinena, upande wa ndani wa kiwiko, usawa wa figo mgongoni usipigepige kwa nguvu. Akijua sababu hatasahau, ukimpa katazo tu akifika kwa mteja anayesema "ongeza hapo hapo" ataongeza.

Na kwa kuwa uko na watalii hili ulifundishe mpaka waote ndoto: mtu kakaa kwenye ndege masaa kumi na kitu, anakuja anasema shavu la mguu linauma, nichue miguu. Angalia miguu yote miwili. Kama mmoja umevimba kuliko mwenzie, una joto, umekuwa mwekundu au unauma ukiugusa, MIKONO CHINI. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, ukiisukuma bonge linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu na mtu akafa. Huyo anaenda hospitali siku hiyo hiyo, sio kesho. Mwenye homa naye hachuliwi, mwenye upele au kidonda usichokielewa unakwepa, mwenye kansa au ugonjwa wa moyo unataka neno la daktari wake kwanza.

Usiwape kama orodha ya kukariri. Wape watu. "Kaja mama wa miaka 58, presha, anatumia dawa za kulainisha damu, anataka masaji ya nguvu, unafanyaje?" Waache wabishane nusu saa.

Bi_Kizingo

Dada salamu kutoka Mombasa. Mimi hufundisha huku na nimesimamia spa pia, wacha niseme ya vidole na ya karatasi.

Vidole gumba vitawafia wanafunzi wako wote usipowaonyesha mapema. Mwanafunzi mpya kila kitu ni dole gumba, kwa sababu ndilo analolihisi lina nguvu, baada ya miezi sita kazini anakuja analia. Kifundo cha mkono kinyooke, gumba lipumzike, tumia kiganja, ngumi iliyolegea, mkono wa mbele, kiwiko kwa waliokomaa. Mimi wiki ya kwanza hakuna kugusa mtu hata kidogo, ni kusimama tu. Mguu mmoja mbele mmoja nyuma, goti limelegea, wanasukuma ukuta, wanasukuma kitanda. Hulalamika ati tumelipa karo tuje kusukuma ukuta, na ndio hao hao baadaye hunipigia simu kunishukuru.

Kuhusu yule wa taa nyekundu hapo juu, usimpuuze, ni somo! Kila mwanafunzi wako atakutana naye, na chuo nyingi hulifumbia macho. Mimi mwenyewe hujifanya mteja msumbufu, nalala, nauliza "na ile nyengine ni pesa ngapi?" Mwanafunzi asipozoea kujibu kwa mdomo wake darasani, siku ya kwanza kazini ataganda. Jibu fupi, sauti ya kawaida, huduma hiyo haipo hapa. Akirudia, unatoa mikono, unamfunika vizuri, unamwambia masaji imeisha, unatoka unamwambia msimamizi. Bila kuomba msamaha. Tunarudia mpaka sauti iache kutetemeka, wavulana pia, wao nao huguswa sana na hawasemi.

Karatasi: huku Kenya chuo na mwalimu husajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, na aliyejifunzia kazini huweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Kwenu sijui, wenyewe waseme.

Viganja_Arusha

Bara usajili wa vyuo uko NACTVET, baraza la vyuo vya ufundi, na VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wana chuo cha walimu wa ufundi stadi Morogoro, na wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini, kaulize kama fani yako imo. Ila wewe uko Zanzibar, huko ni Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Nenda wewe mwenyewe kabla hujasaini chochote, muulize huyo mwenye chuo namba ya usajili. Akianza kuzunguka zunguka, shtuka, maana cheti cha wanafunzi 14 kitakuwa na sahihi yako.

mchuaji_wa_paje

Nimesoma mara tatu nimeandika kwenye daftari. Sahihi yangu!! Hilo sikuliwaza kabisa.

Swali jingine, kati ya 14 wasichana ni 11, wavulana watatu. Wasichana wengi hawataki kulala mbele ya wavulana na wengine wazazi wao wamesema kabisa, na mimi siwezi kuwalazimisha, ila mwenye chuo anasema hotelini hawatachagua mteja. Nafanyaje?

MamaSingo

Mwanangu mie si wa masaji ya hoteli, mie nasinga maharusi, yaani kuwasugua mwili kwa singo, na kukanda wazazi waliotoka kujifungua, mwaka wa thelathini huu, na mabanati kadhaa yamepita mikononi mwangu. Huyo mwenye skuli mwambie kujifunza si kazini. Watenge, wanawake pazia hili wanaume kule, na kila mtu aulizwe kabla hajaguswa, hata mwanamke kwa mwanamke. Anayekataa kulala leo mwache awe mtazamaji, keshokutwa atalala mwenyewe akiona wenzake wamefunikwa vizuri. Kwanza fundisha kufunika! Mie namsinga bi harusi mwili mzima kwa kanga mbili na hapana mtu atayeona kitu, unafunua mkono, unausinga, unaufunika, ndo unakwenda mguu. Mtu akijua kwamba hawi uchi hata dakika moja, mwili wake unalegea kabla hujaugusa. Wale vijana watatu nao watapata wateja, wageni wanaume wamejaa tele.

Jengine, huo mtindo wa kusema "mafuta ya asili hayana madhara" uwafute vichwani. Mie nilikuwa na msichana alimmiminia mwenzake mafuta ya karafuu matupu mgongoni, akipenda harufu yake, mgongo ukawa mwekundu kama betiruti. Karafuu ni tone ndani ya mafuta mengi ya nazi. Na likishatokea usikimbilie maji, pangusa kwanza kwa mafuta ya nazi, kisha sabuni.

Na bibi yako usimsahau. Mfundishe mtoto wa watu kukanda mzazi pia, tumbo, mapaja, maji moto, ndo ujuzi wetu huo.

fizio_wa_Ziwa

Mama heshima yako, mengine yote nakubali, ila hilo la kukanda mzazi sio la kozi ya miezi mitatu. Mzazi wiki sita za mwanzo damu yake inaganda kirahisi kuliko mtu wa kawaida, kwa hiyo ule mguu uliovimba niliousema juu kwake ndo uko karibu zaidi. Na aliyejifungua kwa kisu tumbo halikandwi.

MamaSingo

Mwanangu aliyepasuliwa simkandi, nani kakwambia namkanda? Hata bibi yangu alikuwa hamkandi. Na mguu mmoja ukivimba mie huwapeleka hospitali ya Mnazi Mmoja zamani kabla hujazaliwa weye. Ila hilo la miezi mitatu hapo umenena, mie nilimfuata somo wangu miaka minne nikibeba kikapu tu.

fizio_wa_Ziwa

Basi mama wewe ndo uje ufundishe kliniki yetu, siongezi neno 🙏

mchuaji_wa_paje

Narudi na mrejesho baada ya wiki mbili.

Mwenye chuo nilimuuliza usajili, kumbe maombi bado yako mezani kwa watu, tumekubaliana tunaanza yakitoka na mimi nimeomba ahadi kwa maandishi. Huku nyuma nimechukua wanafunzi watano wa mwanzo nafanya nao mazoezi nyumbani bure, wote wasichana.

La kufunga kitambaa nilimfanyia mdogo wangu. Nilikwama sekunde ya pili hahaha. Nikamwambia "shika bega", akashika nundu ya mfupa, nikasema sio hapo, akasema bega si ndo hili? Na kweli, bega ndo hilo! Nyama ile ya kati ya shingo na bega mimi sina jina lake kwa Kiswahili mpaka leo, nikaishia kumwambia pale unapobebea mkoba. Akashika sawasawa. Sasa darasa zima linapaita "pa mkoba".

Nimelala kitandani wamenichua wote watano. Yule binti mpole wa "tusikilizie nini" ana mkono wa ajabu, nilikaribia kusinzia nikakumbuka mimi ndo mwalimu. Ila wawili nikagundua tatizo lao wala sio mikono, ni wafupi, kitanda kiko juu, wanainua mabega kunifikia na nguvu yote inakuja kwenye vidole. Vitanda vyetu vimechongwa na fundi seremala, vya mninga, havipandi havishuki, na vyote sita kavipimia urefu wangu mimi.

Mnafanyaje kwenye hili? Nikate miguu ya vitanda viwili au niwachongeshee vibao vya kusimamia?

Bi_Kizingo

Usikate! Simama kando ya kitanda, mikono ining'inie, vifundo vya ngumi viguse godoro, hicho ndicho kimo cha kitanda cha mtu huyo. Wapime wote 14 kwanza wakifika ndio uite fundi. Vibao viwe vipana miguu yote miwili ikae na hatua moja mbele, na uvipigilie raba chini, mafuta yakimwagika hapo mtu huteleza.

mchuaji_wa_paje

Raba nimeandika. Kesho naenda kwa fundi.